Kupiga Pasi ya Mikunjo: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Saluni wa Mtwara na Lindi

Karibu kila mwanafunzi anayeshika pasi ya mikunjo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kazi yote hufanywa na moto, kwa hiyo huongeza joto kila anapoona mikunjo yake imelegea. Dhana hiyo ndiyo chanzo cha nywele nyingi kukatika mikononi mwa wanaojifunza. Moto hulegeza unywele tu. Mkunjo wenyewe hushika wakati unywele unapopoa, ukiwa mkavu na bila kuguswa. Anayelielewa jambo hilo tangu siku ya kwanza huendelea haraka, na asiyelielewa hubadilisha pasi tatu huku akiilaumu kila moja.

Pasi ninayoizungumzia ni ile yenye mabamba mawili ya matuta yanayoingiliana, mfano wa matuta ya shamba la muhogo yakitazamwa kutoka pembeni. Fungu la nywele likibanwa katikati ya mabamba hayo hutoka na mikunjo midogo ya zigizaga, iliyo sawa tangu karibu na ngozi ya kichwa hadi karibu na ncha. Matuta membamba hutoa mikunjo midogo inayojaza kichwa, na matuta mapana hutoa mawimbi laini zaidi. Kwa anayeanza napendekeza matuta membamba, kwa sababu kosa dogo la kuunganisha mkunjo na mkunjo hufichika humo, ilhali kwenye matuta mapana kosa hilohilo huonekana hata na mtu aliyekaa mlangoni.

Unywele, maji na hewa ya pwani

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi za protini hiyo zimeshikana kwa vifungo vya aina kadhaa, ambavyo viwili kati yake vinamhusu msusi zaidi. Vifungo vya haidrojeni ni dhaifu. Huachia kwa maji au kwa joto, kisha hujifunga upya katika umbo lolote ambalo unywele umekutwa nalo wakati wa kukauka au kupoa. Vifungo vya salfa ni imara, haviachii kwa maji, na ndivyo vinavyovunjwa mteja anapotiwa dawa ya kunyoosha nywele. Pasi ya mikunjo hushughulika na vile vya kwanza peke yake. Ndiyo maana mtindo huu huondoka wote kwa kuosha mara moja, na ndiyo maana unyevu wa hewa, hata pasipo tone la mvua, unaweza kuulegeza kabla mteja hajafika ukumbini.

Jambo hilo lina uzito wa pekee kwetu. Hewa ya Mikindani, Lindi mjini na Kilwa Masoko hubeba unyevu wa bahari karibu mwaka mzima, na mvua za kusini hunyesha katika msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Kichwa kilichopigwa pasi Masasi au Nachingwea mwezi wa Agosti, wakati wa kiangazi, hukaa na mikunjo yake kwa siku kadhaa. Kichwa cha namna hiyohiyo kikipigwa pasi karibu na bandari ya Mtwara mwezi wa Februari huanza kufumuka jioni yake. Mwanafunzi asipojua tofauti hiyo hujiona ameshindwa kazi, kumbe ameshindwa na hewa, na dawa ya hewa ni kukausha vizuri na kupoza vizuri, si kuongeza moto.

Kuchagua pasi

Jambo la kwanza la kutazama si rangi wala jina la kampuni, bali kibandiko kidogo kilicho kwenye mpini au kwenye plagi. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230. Pasi za mtumba zilizotengenezwa kwa matumizi ya Japani ni za volti 100, na za Marekani ni za volti 120. Ukizichomeka moja kwa moja kwenye soketi yetu zitapata moto kupita kiasi na kuungua, pengine zikiwa tayari zimebana nywele za mtu. Ukiona kibandiko kinasema 100 hadi 240, hapo unaweza kununua bila wasiwasi wa volti.

Jambo la pili ni kidhibiti joto chenye namba. Pasi nyingi za bei nafuu zina taa nyekundu na swichi tu, wala hazisemi zimefika nyuzi ngapi. Mwanafunzi anaweza kujifunza kwa pasi kama hiyo, lakini lazima aizoee kwa jaribio la karatasi: bana kipande cha karatasi nyeupe laini, ile ya chooni au ya kufutia mikono, kwa sekunde tano, kisha kitazame. Karatasi ikibadilika rangi au ikitoa harufu ya kuungua, pasi hiyo haifai kugusa nywele mpaka ipoe. Jaribio hili ni la zamani katika kazi yetu. Mfaransa Marcel Grateau, anayetajwa kuwa ndiye aliyeanzisha mawimbi ya nywele kwa koleo la moto mjini Paris mwaka 1872, alifanya kazi kwa vyuma vilivyopashwa motoni, visivyo na namba wala taa, na mafundi waliomfuata walitegemea karatasi na pua zao.

Vifaa vingine ni vya kawaida: drayari, chanuo la meno mapana, kitana chenye mkia wa kugawia, vibanio vikubwa visivyopungua sita, taulo mbili, na kinga ya joto ya kupuliza au ya krimu. Juu ya kinga ya joto nina neno moja, kwa kuwa tunaishi kwenye minazi. Wateja wengi huja wamejipaka mafuta ya nazi ya nyumbani, na wengine humwomba msusi awaongezee kabla ya pasi, wakiamini kuwa yatazuia kuungua. Mafuta ya nazi yasiyosafishwa kiwandani huanza kutoa moshi yakifika nyuzi joto 175 hivi, yaani palepale ambapo pasi nyingi hufanyia kazi. Yakiwa mengi huifanya nywele iwe nzito, mikunjo hulala, na mabaki yake huganda kwenye mabonde ya pasi. Mafuta hayo ni mazuri siku nyingine, lakini si siku ya pasi.

Mazoezi ya baridi

Kabla ya kuchomeka pasi, fanya mazoezi ikiwa baridi. Hatua hii hurukwa na wengi kwa kuwa haina maonyesho, lakini mimi huitilia mkazo kuliko nyingine yoyote, na mwanafunzi wangu hapewi moto mpaka aipite.

Chukua karatasi ya daftari, ikate vipande virefu vyenye upana wa sentimita 3, kisha ning'iniza kimoja kwa kibanio mahali palipo sawa na kimo cha kichwa cha mtu aliyeketi. Bana juu kwa pasi isiyo na umeme, kaza mkono, achia, shuka, bana tena. Karatasi itabaki na alama za kila mbano, na hapo utaona kosa lako lililoandikwa wazi. Kama tuta la mwisho la mbano wa kwanza halikuingia sawasawa kwenye bonde la kwanza la pasi uliposhuka, utaona mstari mpana uliolala, au mikunjo miwili iliyogongana ikawa kama imetafunwa. Kama mkono wako ulipinda, mikunjo itakwenda upande mmoja kama ngazi iliyoanguka. Rudia mpaka vipande kumi mfululizo vitoke bila mstari. Daftari moja kuukuu linatosha kwa wiki nzima, na halina gharama ya umeme.

Ukishafaulu karatasi, hamia kwenye nywele zisizo za mtu. Hapa pana hatari ambayo iliwahi kunigharimu. Nilipokuwa najifunza nilipewa wigi lililosemekana kuwa la nywele halisi, nikalibana kwa nyuzi 180 mbele ya wenzangu. Pasi ilipofunguliwa ilikuwa na utando uliong'aa kama nailoni iliyoyeyuka, na nililipia wigi pamoja na pasi kwa kazi ya miezi miwili. Tangu hapo sibani kitu kabla ya kuchoma nywele mbili tatu kwa kiberiti. Nywele halisi huungua ikinuka kama ukucha au unyoya uliochomwa, na jivu lake husagika vidoleni. Nywele bandia huyeyuka na kuacha punje ngumu. Vichwa vya mazoezi navyo vipimwe hivyohivyo, kwa sababu vingi vinavyouzwa kwa bei ya chini vina nywele bandia. Asiye na kichwa cha mazoezi anaweza kushona mabaki ya nywele halisi za kusukia kwenye kitambaa kigumu, akakifunga juu ya mto, akafanya kazi.

Kumkagua mteja

Mteja akishakaa, msalimie kwanza kama inavyompasa umri wake, kisha omba ruhusa ya kumshika kichwa. Kwa mtu mzima nasema, "Shikamoo mama, naomba nikuangalie ngozi kabla ya kuanza, na moto ukikukaribia mno niambie mara moja." Maneno hayo ni adabu na pia ni kinga, kwani mama wa makamo aliyelelewa kuvumilia anaweza kukaa kimya huku sikio linaungua, kwa kumwonea haya binti anayejifunza.

Tazama kama kuna vidonda, mapunye, au ngozi iliyochubuliwa na kitana. Ukiona chochote katika hivyo, usiendelee. Uliza ni lini alitiwa dawa ya kunyoosha. Kama ni chini ya wiki mbili zilizopita, mwambie asubiri, kwa sababu dawa imekwisha kuvunja sehemu ya vifungo imara na unywele hauna nguvu za kubeba moto juu yake. Uliza pia kama amebadilisha rangi, hasa kwa dawa inayofifisha weusi. Kisha lowesha unywele mmoja uliotoka kwenye kitana na uvute taratibu: unywele mzima uliolowa hurefuka mpaka karibu theluthi moja ya urefu wake na kurudi; uliochoka hurefuka kama ubani wa kutafuna bila kurudi, au hukatika papo hapo. Mwenye nywele za namna ya pili mpe mtindo wa mabutu nitakaoueleza mbele.

Kuosha na kukausha

Osha kwa shampuu inayoondoa mafuta, mara mbili kama mteja amekuja na mafuta mengi, kisha weka kiyoyozi cha nywele kidogo kwenye urefu na ncha, si kwenye mashina. Suuza mpaka maji yatoke safi. Mahali penye shida ya maji, kama vijiji vingi vya uwanda wa Makonde ambako ndoo huuzwa, mwanafunzi hushawishika kusuuza nusu. Afadhali apunguze kiyoyozi kuliko kukiacha kichwani, kwa sababu mabaki yake huungua chini ya pasi.

Kausha kwa taulo bila kusugua, gawa kichwa mafungu manne, pakaa kinga ya joto kila fungu, chana kwa chanuo la meno mapana kutoka nchani kwenda juu, kisha piga drayari ukivuta kwa chanuo mpaka nywele zinyooke. Nywele asilia zenye mikunjo ya karibu karibu zinahitaji kunyooshwa vizuri hapa, kwani pasi ya mikunjo haiwezi kuchora tuta lililo sawa juu ya nywele ambayo bado ina mkunjo wake yenyewe.

Ukavu lazima uwe kamili. Maji yaliyobaki ndani ya unywele yakikutana na bamba la nyuzi 170 hugeuka mvuke ghafla, mvuke hukosa pa kutokea, na unywele hupata vipovu ndani vinavyoudhoofisha mpaka unakatika siku chache baadaye, wakati mteja keshafika nyumbani na msusi keshasahau. Sauti ya kuchachatika chini ya pasi ndiyo ishara yake. Njia ninayoiamini ya kupima ni shavu: chukua fungu kutoka kisogoni, ambako drayari hufika kwa shida, subiri nusu dakika lipoe, kisha liguse shavuni. Likiwa na ubaridi kuliko hewa, bado lina maji.

Kubana

Joto hupangwa kwa nywele, si kwa pasi. Nywele nyembamba au zilizofifishwa rangi zisizidi nyuzi 150. Zilizotiwa dawa zamani na zikapona vizuri huanzia 150 na kuishia 170. Nywele asilia nene na zenye afya zinaweza kufika 180 au 190. Sioni sababu ya kupita 200 kwa kichwa chochote, hata kama pasi inafika 230, kwa kuwa keratini yenyewe huanza kuharibika na uharibifu huo haurudi kwa kiyoyozi wala kwa mafuta. Anza chini, jaribu fungu moja kisogoni, liache lipoe kabisa ndipo ulitazame. Lisiposhika, ongeza nyuzi 10, si 40.

Anzia kisogoni. Funga nywele zote za juu kwa vibanio, acha mstari mmoja wa chini wenye unene wa sentimita 1 hivi, kisha ugawe huo katika mafungu ambayo upana wake ni mdogo kidogo kuliko bamba. Fungu likizidi bamba, nywele za pembeni hubaki nje zikiwa zimenyooka, na kichwa kizima kitaonekana kama kimeachwa nusu. Fungu likizidi unene, nywele za katikati hazipati joto, na mwanafunzi hujibu kosa hilo kwa kubana muda mrefu, akaunguza za juu ili azipate za ndani.

Shika ncha za fungu kwa mkono wa kushoto, livute lisimame wima kutoka kwenye ngozi, lisiwe limelegea wala kukazwa mpaka mteja ainue kichwa. Weka pasi sentimita 2 kutoka kwenye ngozi. Karibu zaidi ya hapo ni kwa fundi aliyezoea, na huweka kitana kati ya pasi na ngozi. Funga mabamba, hesabu moja mpaka nne kwa mwendo wa kawaida, kisha fungua kabisa. Usiteleze. Pasi bapa huteleza, hii haitelezi. Ukiivuta ikiwa imefungwa matuta hukwangua magamba ya nje ya unywele na kufuta mikunjo uliyoitengeneza sekunde moja nyuma. Shuka, panga tuta la kwanza la pasi kwenye bonde la mwisho la mikunjo iliyotangulia, kama ulivyofanya kwenye karatasi, kisha funga tena. Mbano wa mwisho, ulio kwenye ncha, uhesabu mbili tu, kwa sababu ncha ndizo nywele kongwe na zilizochoka kuliko zote.

Ukimaliza fungu, liachie lianguke lenyewe na usilirudie. Hapa ndipo mkono wa mwanafunzi huwasha: anataka kulishika, kulinyosha aone kama limeshika, kulichambua kwa vidole. Fungu lenye moto likiguswa hujifunga katika umbo la kuguswa kwako. Liache, endelea na la pili. Kama drayari yako ina kitufe cha hewa baridi, puliza kila mstari uliomalizika kwa nusu dakika kutoka mbali, na hasa siku za unyevu mwingi, kwani unywele unaopoa haraka hufunga umbo lake kabla hewa haijaupa maji.

Piga hesabu ya muda kabla ya kumuahidi mteja. Nywele za urefu wa sentimita 24 kwa bamba la upana wa sentimita 4 zinahitaji mibano sita kwa fungu, na ukijumlisha kubana na kushuka ni sekunde 36 hivi. Kichwa cha mafungu 80 ni dakika 48 za pasi peke yake, bila kuosha, kukausha wala kupoza. Mwanafunzi anapaswa kujiwekea mara mbili ya hapo. Wanaokuja msimu wa korosho, malipo ya minada yakishaingia, huja wengi kwa siku moja na kila mmoja ana harusi ya kuwahi. Msusi aliyeahidi saa moja kwa kila kichwa atakuwa anabana nywele mbichi kufikia adhuhuri.

Umeme ukikatika katikati ya kichwa, chomoa pasi kwanza ndipo uombe radhi. Pasi iliyoachwa juu ya taulo ikiwa imechomekwa huwaka yenyewe umeme unaporudi, na si mara zote utakuwapo. Nusu iliyobaki ifanyike baadaye kwa joto lilelile uliloanzia, vinginevyo upande wa kushoto na wa kulia utatofautiana siku nzima.

Akiungua mteja, mwagia mahali hapo maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, chumvi, yai wala mafuta, hata kama mwenyewe anaomba. Lengelenge likitokea lisipasuliwe, na kuungua kwa jicho au kwa eneo kubwa ni kazi ya kituo cha afya, si ya saluni.

Kumalizia

Mafungu yote yakishapoa, na kwa hewa yetu nahesabu dakika kumi na tano tangu fungu la mwisho, ndipo uyatenganishe kwa vidole kutoka chini kwenda juu. Kitana hakihitajiki. Ukichana mikunjo hii hufunguka ikawa wingu kubwa lisilo na mistari. Kuna wateja wanaolipenda wingu hilo, lakini liwe ni chaguo lao na si ajali yako. Puliza spreyi ya kushikilia kidogo kutoka umbali wa mkono mmoja. Spreyi ikizidi huleta maji, na maji ndiyo adui tuliyekuwa tukimkimbia tangu asubuhi.

Pasi hii ina matumizi mengine ambayo si watu wengi huyaona, nayo ni kuandaa nywele za bibi harusi zinazofungwa juu. Nywele zilizonyooshwa huteleza na vibanio havishiki. Ukibana mikunjo mitatu minne tu karibu na mashina, kwenye safu za ndani zisizoonekana, kichwa hupata ujazo na vibanio hupata pa kushika, huku safu ya juu ikibaki laini. Kwa wateja wetu wanaofunika kichwa njiani kwa mtandio njia hii inafaa kuliko mikunjo ya kichwa kizima, kwa sababu mtandio hulaza mikunjo ya juu lakini haufiki ile ya ndani. Anayetaka kichwa kizima ashauriwe mtandio wa kitambaa kinachoteleza, uliowekwa bila kukazwa, na asipite jikoni kwenye mvuke wa sufuria za pilau kabla ya kutoka.

Mikunjo bila moto

Wapo ambao sipendi kuwapigia pasi kabisa: watoto, wenye nywele zilizochoka, na mwali anayetolewa unyagoni, ambaye mara nyingi bado ni binti mdogo na ana nywele ambazo hazijawahi kuonja moto. Kwao tumia mabutu. Osha, kausha mpaka nywele ziwe na unyevu mdogo tu, pakaa krimu nyepesi, kisha suka mabutu ya nyuzi tatu kichwa kizima, membamba kwa mikunjo midogo na manene kwa mawimbi. Kaza kwa mvuto mmoja kutoka juu hadi chini, ukunje ncha na kuifunga. Yaache usiku mzima chini ya kitambaa laini, na yafumuliwe asubuhi yakiwa makavu kabisa, kwa vidole vilivyopakwa mafuta kidogo. Kanuni ni ileile ya vifungo vya haidrojeni, isipokuwa hapa umbo linashika kwa kukauka badala ya kupoa. Mikunjo yake haiwi sawa kama ya pasi, na binafsi naona hiyo ndiyo uzuri wake.

Anayependa pasi mwambie arudi baada ya wiki mbili au zaidi, si kila Ijumaa. Aidha, mikunjo ikilegea siku ya pili asiifufue kwa pasi ya nyumbani juu ya mafuta na spreyi ya jana. Aisokote mabutu machache usiku.

Baada ya mteja kuondoka, chomoa pasi, iache ipoe, kisha futa kila bonde la bamba kwa kitambaa chenye spiriti kidogo kilichozungushwa kwenye mkia wa kitana. Utando mweusi unaoachwa na krimu huzuia joto kusambaa sawa, na ndio unaofanya pasi nzuri ianze kunasa nywele. Waya usizungushwe kwenye mpini, bali ukunjwe duara kubwa na kuning'inizwa, kwa sababu waya wa pasi hukatika kwanza pale unapoingilia kwenye mpini.